Galaksi Hafifu Juu ya Utosi wa Kidodi: Namna ya Kuzitafuta

Ukisimama Kidodi usiku wa giza katikati ya Desemba, kuelekea saa nne, ukainua uso hadi kisogo kikaribie mgongo, utakuwa unatazama kipande cha anga ambacho kimewashughulisha wanafalaki wa dunia nzima tangu mwaka 2018. Mwaka huo Pieter van Dokkum wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walitangaza kwamba wameipima galaksi moja iliyoko huko, iitwayo NGC 1052-DF2, na kuikuta karibu haina kabisa maada giza, yaani kile kitu kisichoonekana ambacho kwa kawaida ndicho hubeba sehemu kubwa ya uzito wa galaksi. Mwaka uliofuata wakatangaza ya pili jirani yake, DF4. Nyota za galaksi hizi zimeachana mno, hata galaksi nyingine zilizoko nyuma yake, mbali zaidi, huonekana kupitia katikati yake kama mtu anavyoona ua wa jirani kupitia chandarua.

Kidodi iko nyuzi 7 na nusu hivi kusini mwa ikweta. DF2 na jamaa zake wako nyuzi 8 na kidogo kusini. Kwa hiyo kila siku, dunia inapojizungusha, kundi lile lote hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Wazungu wenye darubini ghali huko Ulaya huliona limeinama upande wa kusini, kupitia hewa nene. Kwetu liko juu kabisa, mahali ambapo hewa ya kupenya ni kidogo kuliko kwingine kote.

Kwa macho hutaziona DF2 na DF4, na nalisema hili mapema ili usije ukavunjika moyo usiku wa kwanza. Lakini zipo galaksi hafifu nyingine ambazo utaziona kwa macho yako mwenyewe, bila kutumia shilingi. Zipo ambazo utaziona kwa darubini ya mkononi, ile ya macho mawili ambayo waongoza watalii wa Mikumi huitundika shingoni. Na zile zisizoonekana kabisa, utajua zinaishi wapi na kwa nini ziko huko. Kujua mahali pa kitu kisichoonekana ni elimu kubwa, na katika jambo hili ndiyo nusu ya kazi.

Sukari ya kikombe na sukari ya debe

Kidodi ni nchi ya miwa, basi mfano uko jikoni. Chukua kijiko kimoja cha sukari ukoroge kwenye kikombe cha chai. Tamu. Chukua kijiko kingine sawasawa na hicho ukoroge kwenye debe la maji. Ulimi haupati kitu, ingawa sukari ni ile ile, haijapungua chembe.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa galaksi hafifu. Mwanga wake ukijumlishwa wote unaweza kuwa mwingi, hata sawa na wa nyota ambayo mtoto huionyesha kwa kidole. Lakini umekorogwa kwenye debe: umetandazwa juu ya eneo kubwa la anga hadi kila sehemu ikabaki na utamu kidogo sana. Ndiyo maana orodha za nyota hudanganya mtu mgeni. Anasoma kwamba galaksi fulani ina mwanga wa kutosha, anatoka nje, anatafuta kinukta chenye kung'aa, haoni. Alipaswa kutafuta doa pana lililopauka, kama alama ya mkono wenye unga kwenye ubao mweusi.

Mfano huu unatupa kanuni mbili za kazi. Ya kwanza: darubini kubwa haiongezi utamu wa debe. Inaweza kulifanya doa lionekane pana zaidi, na hilo husaidia kwa sababu jicho hulitambua doa pana kuliko dogo, lakini haiwezi kuifanya sehemu yake yoyote ing'ae kuliko ilivyo. Kwa hiyo usikimbilie kununua darubini kubwa. Ya pili: aliyetoka kunywa soda sasa hivi hawezi kuonja sukari ya debe. Jicho lililotoka kutazama taa, simu au mwezi liko vivyo hivyo. Katika kutafuta vitu hafifu, giza la mahali ulipo lina thamani kuliko kifaa chochote utakachoshika mkononi.

Ndiyo sababu namwandikia mtu wa Kidodi kabla ya mtu wa Dar es Salaam. Wa Dar ana maduka ya kamera. Wewe una giza.

Kabla hujatoka nje

Anza na mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria wanaijua hesabu hii vizuri: wakati wa giza huvua, wakati wa mbalamwezi hupumzika na kushona nyavu. Ifuate hiyo hiyo. Kwenye kalenda ya msikiti, jioni za kuanzia tarehe 24 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata ndizo zako. Nje ya hapo lala tu.

Kisha hewa. Hapa Kidodi kuna jambo ambalo vitabu vya nje havilijui: moshi wa miwa. Kiangazi anga huwa halina mawingu, na mgeni angedhani Julai hadi Septemba ndio wakati bora. Lakini huo ndio msimu wa kuvuna, mashamba huchomwa kabla ya kukatwa, majivu huanguka hadi kwenye sufuria, na mioto ya nyika nayo huongeza ukungu wake. Nyota angavu zitaonekana bila shida. Doa hafifu litamezwa. Mimi nathamini usiku mmoja baada ya mvua ya Novemba au Desemba kuliko wiki nzima ya Agosti, kwa sababu mvua imeiosha hewa na wingu likifunguka anga huwa jeusi kweli. Usiku wa namna hiyo hauji kwa ahadi. Mvua ikikatika saa mbili na upepo ukasafisha mawingu, acha ulichokuwa unafanya utoke. Upo pia upenyo mfupi mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekata na moshi haujashamiri, nao nitautaja baadaye.

Mahali: uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, uwanja wa mpira, popote ambapo nyumba au mti unakinga taa za barabarani na mng'ao wa kiwanda. Umeme ukikatika, huo ni usiku wako. Usiende pembezoni mwa mashamba ya miwa wala kandokando ya Ruaha Mkuu. Mashambani kuna nyoka, mtoni kuna mamba na viboko, na eneo letu limekaa kati ya hifadhi mbili, Mikumi na Udzungwa, ambamo tembo hawaulizi ruhusa ya kupita. Vaa nguo ndefu kwa ajili ya mbu. Na mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji. Watu watatu wamelala chini uwanjani saa tano usiku na kifaa kisichojulikana, walinzi wakiwakuta bila kujua, maelezo yake huwa marefu.

Sasa macho. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifunguke sawasawa, na sekunde chache za kioo cha simu huvuruga kazi hiyo. Ukilazimika kuwasha tochi, ifunge kwa kitambaa chekundu kizito, maana mwanga mwekundu hauliumizi jicho la usiku kama mweupe. Kisha jifunze kutazama pembeni. Katikati ya jicho ni hodari kwa rangi na maandishi lakini dhaifu gizani. Pembeni ni kinyume chake. Kwa hiyo usilikodolee macho doa unalolitafuta. Tazama kando yake kidogo, upana wa ngumi au pungufu, huku akili yako ikibaki kwenye doa. Ukitumia jicho la kulia peke yake, elekeza macho kulia kwa doa; la kushoto, elekeza kushoto. Ukikosea upande, doa linaweza kuangukia sehemu ya jicho isiyoona kabisa, likatoweka. Zoezi hili linachosha mara ya kwanza, na mara ya tatu linakuwa mazoea.

Jambo moja la pembeni, lakini lina uzito. Mkiwa na watoto, na mmoja akawa anajikwaa gizani mahali ambapo wenzake wanapita vizuri, mpelekeni zahanati. Kutoona usiku huweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini A, na jambo hilo linatibika.

Kupima angani hakuhitaji rula. Nyoosha mkono: ngumi ni kama nyuzi 10, shibiri kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho ni kama 20, vidole vitatu vilivyobanana ni 5.

Anza na mawingu mawili yasiyohama

Tazama kusini. Wazee wa pwani walipoita kusini "suheli" walikuwa wanaitaja nyota, Suheli, ambayo vitabu vya Kizungu huiita Canopus. Ni ya pili kwa mng'ao angani baada ya Sirius. Katikati ya Januari, mnamo saa nne na robo usiku, shuka kutoka Suheli kama shibiri moja kuelekea chini na kulia kidogo. Utakuta doa la upana wa karibu ngumi, jeupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan. Lenzake dogo liko kulia zaidi na chini, ukubwa wa vidole vitatu. Hilo dogo hufika kimo chake cha juu mapema zaidi katika msimu: katikati ya Novemba kuelekea saa nne usiku liko kusini barabara.

Nilipoyaonyesha mara ya kwanza kwa watoto wa jirani, mmoja aliniuliza, "Mjomba, hili wingu mbona halisogei?" Hakuna swali bora kuliko hilo. Mawingu ya mvua yalipita mbele yake, yakaenda zake Vidunda, nalo likabaki pale pale kati ya nyota zake. Wingu lisilohama na upepo si la dunia hii.

Mawingu hayo ni galaksi mbili zilizo jirani na yetu. Kubwa liko umbali wa miaka-nuru 160,000 hivi, dogo 200,000. Kutoka Kidodi kubwa hupanda hadi nyuzi 28 na dogo 25, juu ya vilima vyetu, ila hukaa ndani ya hewa nzito ya chini, kwa hiyo yanataka usiku msafi. Darubini ya mkononi ya 7x50 au 10x50 itakuonyesha kijidoa cha kijivu kilichopauka ndani ya Wingu Kubwa. Hapo nyota mpya zinazaliwa kwa wingi, na panaitwa Tarantula. Karibu na papo hapo, Februari 1987, nyota ililipuka ikaonekana kwa macho matupu kutoka nchi za kusini.

Baada ya kusini, geuka kaskazini. Saa ile ile ya Novemba ambapo Wingu Dogo liko kusini barabara, galaksi ya Andromeda iko kaskazini barabara, nyuzi 41 juu ya upeo. Ni mpangilio ambao watu wa Ulaya hawana, maana kwao Wingu Dogo halichomozi kabisa. Andromeda ni doa refu lenye kitovu, na iko umbali wa miaka-nuru milioni 2.5. Mwanafalaki wa Uajemi, al-Sufi, aliiandika mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Kwa macho matupu utaiona ile ile aliyoiona yeye.

Ukishaizoea Andromeda, ndipo ujaribu mtihani halisi: galaksi ya M33, kulia kwa utosi wa Kidodi kama ungelala chali kichwa mashariki, yaani upande wa kaskazini, nyuzi 50 hivi juu ya upeo, ikifika kimo chake kama dakika 50 baada ya Andromeda. Hii ndiyo sukari ya debe. Imetandaa upana unaozidi mara mbili ya mwezi mpevu. Kwa darubini ya mkononi utaona anga limepauka tu, bila ukingo. Sogeza darubini taratibu kushoto na kulia, kwa kuwa jicho la pembeni hutambua kinachosogea haraka kuliko kilichotulia. Anayeiona M33 kwa macho matupu ana anga la kiwango cha juu, na anastahili kuandika tarehe hiyo kwenye daftari.

Andika kila usiku, hata ule uliokosa. Tarehe, saa, moshi, mwezi, nani alikuwepo, ulichoona, ulichodhani umeona. Chora kwa penseli. Daftari la miezi sita litakufundisha anga la Kidodi kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Galaksi hafifu huishi wapi

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo.

Makazi ya kwanza ni kivulini mwa galaksi kubwa. Njia Nyeupe, galaksi yetu, imezungukwa na vijigalaksi vingi. Mwaka 1938 Harlow Shapley alitangaza viwili, katika makundi ya nyota ya Sculptor na Fornax, na Sculptor ilikutwa kwenye sahani za picha zilizopigwa hapa hapa Afrika, kituo cha Boyden kilichoko Bloemfontein, Afrika Kusini. Jicho halikuwahi kuviona kabla ya hapo. Lakini sikiliza kisa cha Fornax. Mwaka 1835 John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliona kifundo kidogo cha nyota katika eneo hilo, ambacho leo huitwa NGC 1049. Aliona taa ya sebuleni, na nyumba yenyewe haikujulikana ipo hadi miaka 103 baadaye. NGC 1049 ni kishada cha nyota kilichomo ndani ya galaksi ile hafifu. Mwenye darubini yenye kioo cha sentimita 20 anaweza kukiona hata leo, huku galaksi yenyewe ikiwa imekizunguka kote bila yeye kuiona. Weka kisa hiki akilini. Hata ile DF2 ilipimwa kwa njia ya vishada vya namna hiyo: watafiti walipima mwendo wa vishada 10, na mwendo huo ulikuwa wa polepole mno kwa galaksi yenye maada giza ya kawaida.

Mwaka 2018 satelaiti ya Gaia ilifichua kijigalaksi kingine cha jirani, Antlia 2. Upana wake ni kama wa Wingu Kubwa la Magellan, na mwanga wake ni mdogo kuliko wa Wingu Kubwa kwa mara elfu kadhaa. Kiko upande wetu huu wa kusini. Kilikuwapo miaka yote hiyo, na picha zilikipita.

Makazi ya pili ni miji mikubwa, yaani vishada vya galaksi. Mwaka 2015 van Dokkum na wenzake walitangaza galaksi 47 hafifu zilizotandaa katika Kishada cha Coma, umbali wa zaidi ya miaka-nuru milioni 300, na mwaka huo huo watafiti wengine wakatumia picha za darubini ya Subaru kuhesabu zaidi ya 800 humo humo. Kifaa cha lile kundi la kwanza ni cha kushangaza: hawakutumia darubini kubwa, walifunga pamoja lenzi za kamera za Canon, zile ndefu za wapiga picha wa michezo na wanyama, ambazo mtalii mmoja mmoja huingia nazo Mikumi. Waliita kifaa chao Dragonfly. Lenzi hizo hutawanya mwanga wa nyota angavu kidogo sana, na hilo ndilo lililohitajika. Wakubwa wa darubini walikuwa wametafuta kilicho mbali, na kilichotandaa kikabaki.

Kwa nini galaksi zitandae mjini? Jibu moja lina asili ya pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutazama mionzi ya eksirei kutoka angani, na moja ya mambo iliyoyaona ni kwamba vishada kama Coma hutoa eksirei kutoka eneo pana sana. Maana yake, nafasi kati ya galaksi imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Galaksi ndogo inayoingia mjini humo kwa kasi ni kama abiria wa bodaboda aliyevaa kofia: upepo wa uso huiondoa. Gesi yake hupeperushwa, na bila gesi haizai nyota mpya. Wakati huo huo galaksi kubwa huivuta huku na huku, nyota zake zikalegea na kutawanyika. Inabaki nyekundu, kongwe, na hafifu.

Coma utaipata upande wa kaskazini jioni za mwishoni mwa Mei, ule upenyo niliousema. Haionekani kwa macho matupu, inahitaji darubini ya sentimita 20 au zaidi ili kuona galaksi zake mbili kuu. Ila juu yake, katika kundi la Mashuke, kuna mji ulio karibu zaidi, Kishada cha Virgo, umbali wa miaka-nuru milioni 54 hivi, na galaksi yake kuu M87 inaweza kuonekana kwa darubini ya mkononi ya 10x50 usiku ulio mzuri kweli.

Makazi ya tatu ni vijiji, makundi madogo ya galaksi. Jamaa wa NGC 1052 ni kijiji cha namna hiyo, nacho ndicho kilicho juu ya utosi wako. Mwaka 2022 van Dokkum na wenzake walipendekeza kwamba DF2 na DF4 zilizaliwa katika ajali: vijigalaksi viwili viligongana kwa kasi, gesi ikasimama na kubaki nyuma, maada giza ikapitiliza, na gesi iliyobaki ikazaa msururu wa galaksi zisizo na maada giza. Wapo wanaolikubali pendekezo hilo na wapo wanaolipinga. Mimi nalipenda kwa sababu linaeleza kwa nini ziko mbili, na mstari wa nyingine zilizo hafifu kati yake.

Makazi ya nne ni porini, mbali na kila mtu. Huko galaksi hafifu huwa na gesi nyingi bado, na rangi ya buluu, na mara nyingi darubini za redio ndizo huzigundua kwanza kwa kuisikia gesi hiyo. Mkubwa wao ni Malin 1. David Malin, mpiga picha wa anga huko Australia, alikuwa amebuni njia ya kukamua mwanga hafifu kutoka kwenye sahani za picha, na mwaka 1986 galaksi hiyo ikajitokeza: diski kubwa mara nyingi kuliko Njia Nyeupe, imepauka kiasi cha kupita bila kuonwa, umbali wa miaka-nuru zaidi ya bilioni 1. Ilionekana upande wa Kishada cha Virgo, lakini iko mbali nyuma yake.

Basi ukitajiwa galaksi hafifu yoyote, swali lako la kwanza liwe hili: majirani zake ni nani? Kivulini mwa mkubwa, mjini, kijijini au porini. Jibu hilo litakuambia kama ina gesi, ina rangi gani, na yaelekea imepatwa na nini.

Ukiwa na simu tu

Simu za sasa zenye hali ya usiku zinaweza kulinasa Wingu Kubwa la Magellan. Iegemeze juu ya tofali, weka kipima muda ili kidole kisiitikise, acha ifunguke muda mrefu kadiri inavyoruhusu, piga picha nyingi za sehemu moja kisha uziunganishe kwa programu. Mwitaliano Giuseppe Donatiello, ambaye utafiti wa anga haukuwa ajira yake, aligundua kijigalaksi kwa picha zake alizopiga ndani ya hifadhi ya taifa ya Pollino, kwa darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 127. Mwaka 2018 kikatangazwa rasmi kwa jina lake, Donatiello I. Sisi tuna hifadhi mbili.

Usiku wa mawingu ingia intaneti. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanza mwaka 2007, hukuruhusu kupanga galaksi kwa maumbo yake, na kazi ya mwanafunzi wa kidato cha pili huhesabiwa sawa na ya profesa. Picha za wazi za Legacy Surveys zitakupeleka hadi DF2 yenyewe: andika jina, subiri, utaona ule ukungu na galaksi za nyuma zikichungulia ndani yake. Sasa darubini ya Rubin huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, inapiga picha anga lote la kusini tena na tena. Galaksi hafifu itakazofichua zitahitaji macho mengi ya kuzikagua.

Mwalimu wa fizikia, hili ni somo lako. Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu walikusanyika Rujewa kutazama jua likipatwa na kubaki pete, na nchi nzima ikazungumza falaki kwa wiki moja. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa akiwaeleza Watanzania habari za anga magazetini kwa miaka mingi. Kupatwa kwa jua huja mara chache. Mawingu ya Magellan huja kila mwaka, na hayalipishi kiingilio.

Na nyinyi wenye nyumba za wageni, maduka na ofisi kuanzia Mikumi hadi Ruaha: taa za nje ziwekeeni kofia zielekee chini, na zizimwe pasipokuwa na mtu. Mwanga unaopanda juu haumwangazii mpita njia, na ukishalipausha anga hakuna darubini ya kulirudishia weusi wake.

Kwa atakayetaka kuanza na kile kijiji cha utosini, njia ni hii. Kilimia kikionekana mashariki giza linapoingia, msimu umefunguka. Tafuta kwa programu ya Stellarium nyota iitwayo Azha, ya mng'ao wa wastani, ambayo nayo hupita juu ya utosi wetu. Upana wa vidole viwili magharibi yake ndipo NGC 1052 ilipo, na mwenye darubini ya sentimita 15 ataiona kama kinukta chenye ukungu. DF2 iko kando yake hapo hapo, ndani ya weusi unaoutazama.